Kwa nini pakeji inadai autoconf wakati configure imo tayari?

kadi_ndogo: Wakuu, habari za jioni. Najenga pakeji ya C ya mwaka 2005 kwenye Raspberry Pi, Debian ya biti 64. Kwenye debian/control, Build-Depends (orodha ya pakeji zinazohitajika kujengea) inataja autoconf, automake, libtool na pkg-config, ilhali skripti ya configure, ile inayokagua mashine kabla ya kujenga, imo ndani tayari. Nikizifuta kuna ubaya gani? Kadi yangu imekaribia kujaa.

fundi_pakeji: Usizifute, mkuu. Hiyo configure haikuandikwa kwa mkono. Autoconf iliizalisha kutoka configure.ac siku toleo lilipotoka, na inajua ya siku ile tu. Pembeni yake kuna config.guess, kazi yake ni kutambua mashine. Ya 2005 haiwezi kuijua aarch64, usanifu wa ARM wa biti 64 wa Pi yako, uliotangazwa 2011, kwa hiyo itagoma hata kabla kompaila haijaitwa.

Hilo peke yake debhelper, zana za Debian za kujengea pakeji, hulirekebisha kwa kuweka config.guess mpya. Libtool (zana ya kuunda maktaba) ya zamani ndiyo sumbufu: kwenye ppc64el, yaani PowerPC ya biti 64, haikujua kuunda maktaba za kushirikiwa, ikabidi configure yote izalishwe upya. Ndiyo maana tangu kiwango cha 10 cha debhelper, autoreconf, amri ya kuzalisha configure upya, inaendeshwa yenyewe.

Na pkg-config, tafadhali sana, iache. Inasoma mafaili ya .pc kujua maktaba iko wapi, lakini pia ndiyo inayoleta pkg.m4, yenye makro (jina ambalo autoconf hulipanua kuwa msimbo kamili) ya PKG_CHECK_MODULES. Isipokuwepo, autoreconf inaweza kupita kimya, jina la makro likabaki uchi ndani ya configure, halafu sheli inalalamikia sintaksia kwenye mstari wa elfu kadhaa. Ujumbe hausemi kabisa kwamba kuna pakeji imekosekana. Wanaoanza wanakesha hapo, na inaniuma kila nikiona.

mlinzi_wa_seva: Naongezea: mlango wa siri wa xz (programu ya kubana mafaili), matoleo 5.6.0 na 5.6.1, aliougundua Andres Freund Machi 2024, ulipitia build-to-host.m4. Makro hiyo mbovu ilikuwa kwenye tarball, yaani furushi la toleo, kwenye git, hazina ya msimbo wenyewe, haikuwemo. Ukiweza, zalisha configure kutoka git.

kadi_ndogo: Nimeelewa, asanteni. Na nafasi je?

fundi_pakeji: Zana hizo ni za kujengea tu, programu ikishajengwa haizihitaji. Tumia mk-build-deps -i, iliyo ndani ya pakeji ya devscripts. Inaunda pakeji moja inayozivuta zote. Ukimaliza, ondoa hiyo moja kisha endesha apt autoremove.