Naomba ushauri: utafiti wa mwani Pemba, bahari na uchumi pamoja

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko mwanzoni mwa shahada ya uzamili na nataka kutafiti kilimo cha mwani huku Micheweni. Aina ya mwani iitwayo kotonii ndiyo yenye bei nzuri, lakini maji yakizidi joto huugua, hugeuka mweupe na kukatika. Aina nyingine, spinosamu, huvumilia joto zaidi, ila bei yake ni ndogo. Wataalamu wa bahari hushauri kotonii ihamishiwe maji ya kina. Sawa, lakini wakulima wengi ni kina mama wasio na vyombo vya baharini, na wengi hawajui kuogelea! Ndiyo maana sitaki kupima joto la maji tu. Nataka na kipato, na nani ndani ya nyumba anaamua kununua dau.

Msimamizi wangu ni wa biolojia, na hoja hii anaikubali. Naomba waliowahi kufanya utafiti wa fani mbili wanisaidie: mlimpataje msimamizi wa pili kutoka idara nyingine? Na vipimo vya joto vya kila siku mliviunganishaje na mapato, ilhali mwani huvunwa baada ya wiki sita hivi, tena kwa kufuata bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa sana)?