Nyayo Bapa: Zilikuanzaje? Tupeane Uzoefu

Mwalimu wa Umoja

Ndugu zangu, naomba tuelezane jinsi nyayo bapa zilivyowaanza ninyi au watoto wenu, kwa maana nimetambua kwamba tunaziita kwa jina moja hali ambazo vyanzo vyake ni tofauti kabisa.

Mimi nilikua na nyayo zenye tao la kawaida, yaani ule mkunjo wa upande wa ndani wa unyayo usiogusa ardhi. Nilipofika miaka 43, nilianza kuumwa upande wa ndani wa kifundo cha mguu wa kushoto, hasa jioni nikitembea kutoka katikati ya jiji kwenda kupanda matatu Muthurwa. Nilidhani ni uchovu wa kusimama darasani, nikawa nakanda kwa maji moto na kumeza dawa za maumivu. Kilichonishtua ni viatu: cha kushoto kilikuwa kimelika upande wa ndani, ilhali cha kulia kilikuwa sawa.

Daktari wa mifupa aliniagiza nichuchumie kwa mguu mmoja mmoja. Wa kulia uliniinua, lakini kisigino cha kushoto hakikubanduka sakafuni. Alinieleza kwamba iko kano inayoshuka kutoka shavu la mguu, ikapita nyuma ya kifundo upande wa ndani na kushika mifupa ya katikati ya unyayo, na kwamba hiyo ndiyo inayolibeba tao. Ikichakaa, tao huporomoka polepole. Huwapata zaidi wanawake waliopita miaka 40, na uzito mkubwa, kisukari na shinikizo la damu huongeza hatari. Mimi nina shinikizo na uzito. Nasikitika kwamba nilikaa mwaka mzima na maumivu yale bila kupimwa.

Baba Pacha, Kayole

Pole sana, Mwalimu. Wanangu walipokuwa na miaka mitatu, nyayo zao zilizolowa maji ziliacha alama pana, isiyo na mkato, kwenye sakafu ya saruji, nami nikawanunulia viatu vigumu vya bei ghali. Daktari alisema watoto wengi wa umri huo wako hivyo, kwa sababu unyayo una mto wa mafuta na viungo bado ni vilegevu, na kwamba tao huendelea kujijenga hadi miaka kumi hivi. Walipochuchumia, tao lilionekana. Nilikuja kusoma utafiti wa mwaka 1992 uliowahusu watoto 2,300 nchini India: nyayo bapa zilikuwa asilimia 8.6 kwa waliovaa viatu na asilimia 2.8 kwa wasiovaa. Siku hizi wakiwa nyumbani wanatembea pekupeku.

Kijana wa Dagoretti

Mimi nilirithi kwa mama, naye kwa babu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuumwa, ila mimi niliachwa katika usajili wa makurutu kwa sababu hiyo.

Mama Neema

Binti yangu wa miaka 12 alikuwa akiteguka kifundo mara kwa mara, na hata akichuchumia unyayo ulibaki bapa na mkavu kama ubao. Picha ilionyesha mifupa miwili ya nyuma ya unyayo iliyoungana tangu tumboni. Wazazi, unyayo usiokunjika upelekeni hospitali.

Mwalimu wa Umoja

Asante, Mama Neema. Je, yupo aliyewekewa soli maalumu ya kulishikilia tao? Ilimchukua muda gani kupata nafuu?