Bodi haiwaki kwa kubonyeza mara moja, na ikizimwa haizimiki kabisa: naomba ushauri

Mleta mada:
Habari zenu wakuu. Ninatengeneza bodi ya betri ya lithiamu ya seli moja. Kitufe chake kikibonyezwa huvuta geti (mguu wa kuendeshea) ya mosfeti ya aina ya P, yaani swichi ya kielektroniki, hadi graundi, regulata ya volti 3.3 ikapata umeme, na mikrokontrola (chipu inayoendesha programu) ikiamka inapaswa kupandisha pini ya kushikilia ili mosfeti iendelee kupitisha umeme hata kidole kikiondolewa. Tatizo ni kwamba nisipoking'ang'ania kitufe kwa karibu sekunde mbili, bodi inazimika nikiachia tu. Tena, nikiizima huku waya wa siriali umechomekwa kwenye kompyuta, njia ya volti 3.3 hushuka hadi volti 1.9 na kubaki hapo, na nikibonyeza tena haiwaki. Nimebadilisha kitufe, hali ni ileile.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, kitufe hakina kosa. Chukua osiloskopu (kifaa kinachochora volti kadiri muda unavyopita), pima njia ya volti 3.3 pamoja na pini ya kushikilia kwa wakati mmoja, uone muda unaopita kati ya umeme kufika na pini kupanda. Nashuku butiloda, yaani programu ndogo inayotangulia kuanza, inasubiri kwanza kuona kama inaletewa programu mpya, na amri yako ya kushikilia iko nyuma ya kusubiri huko. Ihamishie mwanzoni kabisa mwa butiloda yenyewe. Wapo watakaokushauri uongeze kapasita kwenye geti. Maikrofaradi 10 na rezista ya kiloomu 100 hutoa ucheleweshaji wa takriban sekunde moja, lakini kuzima nako kutachelewa, na mosfeti itapita polepole katika hali ya nusu kufunga, ambamo hupata joto. Mimi siipendi njia hiyo.

Mchangiaji wa pili:
Hizo volti 1.9 zinatoka kwenye waya wa siriali. Njia ya kutuma data ya upande wa kompyuta hukaa na volti ya juu wakati haitumi kitu, kwa hiyo umeme unaingia kwenye pini ya kupokea, unapita dayodi ya ulinzi iliyomo ndani ya chipu, na kuilisha bodi nzima kwa mlango wa nyuma. Mikrokontrola haifi kabisa, hivyo umeme kamili ukirudi haijianzishi upya. Chomoa waya uone kama volti zitashuka hadi sifuri. Zikishuka, weka bafa (chipu ya kupitishia ishara) isiyopitisha umeme ikiwa imezimwa, kisha uwashe kinga ya volti ndogo ndani ya mikrokontrola, ili ijianzishe upya volti zikishuka mno.

Mleta mada:
Nashukuruni sana. Nimechomoa waya, zimeshuka hadi sifuri, na baada ya kuhamisha ile amri bodi inawaka nikigusa tu. Limebaki moja: nikibonyeza kwa muda mrefu ili kuizima, inazimika na kuwaka tena papo hapo.

Mchangiaji wa kwanza:
Hapo ni kwa sababu kidole bado kipo na kitufe kinaendelea kuvuta geti. Programu ikishaamua kuzima, izime skrini ili mtumiaji aachie, isubiri volti ya kitufe itulie juu, yaani kiwe kimeachiwa, kwa milisekunde 50 hivi, ndipo ishushe pini ya kushikilia.