Dawa mu provande (chakula) ya kuku: tukataze ao tuache?

Mufugaji wa Panzi: Wandugu, hapa Bukavu unaingia mu duka ya dawa za mifugo unauziwa oksitetrasikline, ile antibiotiki, bila mtu kukuuliza kuku zinagonjwa nini. Watu wanachanganya mu provande na mu maji, hata kuku ikiwa mzima, eti inenepe mbio. Ulaya walikataza antibiotiki za kunenepesha tangu tarehe 1 Januari 2006, Sweden yenyewe tangu 1986. Mimi nasema na sisi tukataze.

Mama Kuku Kadutu: Ulaya wako na moto usiku kucha wa kupashia vifaranga. Mimi vyangu vinafika vimechoka na barabara, nikiviacha bila dawa nazika nusu. Nani atanilipa? Watu wa kukataza ni wengi, wa kulipa sioni.

Veto (munganga wa mifugo) wa Bagira: Mama, kutibu kuku mgonjwa hakuna mwenye anakataa. Ubaya ni kile kijiko kidogo cha kila siku. Dozi ndogo inaua vijidudu dhaifu, vyenye nguvu vinabaki na hivyo njo vinazaana, na ile nguvu vinapeana. Mu 2015 watafiti wa China walitangaza jeni moja, mcr-1, yenye inafanya bakteria ishinde kolistini, waliikuta ku nguruwe, ku nyama ya soko na ku wagonjwa wa hospitali. Kolistini ni ile dawa munganga anashika wakati zingine zote zimekataa! 2017 China ikaitoa mu chakula cha mifugo.

Kijana wa Nguba: Kwa jirani yangu maji ya kuku ni manjano kabisa sababu ya ile poda, na jioni mayai ya kuku zile zile yanapangwa mu plato yanaenda soko. Ku sashe waliandika siku za kusubiri mbele ya kula mayai, lakini sashe ilishatupwa zamani. Na watafiti wetu wako wapi? Kituo cha utafiti cha Lwiro kiko hapa tu tangu Wabelgiji, siku hizi tunakisikia kwa ajili ya sokwe.

Mwana Katana: Ewe leki, chunga mdomo. Lwiro ilianza 1947 ikiitwa IRSAC, na kazi iliyofanywa pale juu ya kwashiorkor (utapiamlo wa watoto) na juu ya goita (uvimbe wa shingo) ya kisiwa cha Idjwi, madaktari wa dunia nzima wanaijua. Wewe umefanya nini?

Kijana wa Nguba: Naongea kuku unaniletea goita. Ya zamani hiyo yaya.

Mwalimu wa Idjwi: Ya zamani kwako. Mimi nimekua naona shingo za bibi zetu, usiseme hivyo mbele yangu tena. Udongo wa kisiwa una iode kidogo, na muhogo usiolowekwa vizuri unaleta sumu ya sianidi, mwili unaigeuza kuwa tiosianati, na hiyo tiosianati inazuia iode kuingia mu tezi ya shingo. Ile chumvi yenye iode unakula leo ni juu ya utafiti wa namna hiyo.

Mama Kuku Kadutu: Sasa ni sisi wamama hatujui kuloweka muhogo? Mama yangu alikuwa anauacha mu maji mpaka unalainika, anaumenya, anauanika mpaka unakauka kabisa. Tukipunguza siku ni sababu wanunuzi wanataka unga leo leo. Muulize mwanaume wako analeta nini nyumbani kwanza.

Mwalimu wa Idjwi: Mama sikusema wewe.

Mama Kuku Kadutu: Ulisema muhogo. Ku Kadutu nani anauza muhogo?

Veto wa Bagira: Musigombane, hapo mumegusa provande yenyewe. Mahindi yakipanda bei watu wanajaza unga wa muhogo. Kusafisha sianidi mwili unahitaji salfa, unaitoa mu metionini, kipande kimoja cha protini, na muhogo ni maskini wa protini. Basi kuku inakonda, haitagi, mwenyewe anasema ni ugonjwa, anarudi dukani kununua antibiotiki, na kumbe kuku inaomba soya ao ndakala (samaki ndogo) tu!

Mufugaji wa Panzi: Njo ile nasema. Mtoto wangu aliugua mwaka jana, dawa mbili za kwanza hazikushika hata kidogo, tulikaa hospitalini tunaangalia homa inapanda. Siwezi kunyamaza juu ya hii.

Mama Kuku Kadutu: Pole sana papa, Mungu amlinde. Lakini kuku zangu zikianza kupinda shingo na kuharisha kijani nifanye nini?

Veto wa Bagira: Hiyo inafanana sana na Newcastle, na Newcastle ni virusi, oksitetrasikline haiigusi. Unatupa pesa tu mama. Kuna chanjo ya I-2, inavumilia joto kuliko zingine, ni tone moja mu jicho, lakini unachanja mbele kuku hazijagonjwa.

Mama Kuku Kadutu: Inapatikana wapi na ni bei gani? Hiyo njo mungeanza nayo.

Mwana Katana: Mimi bado nangojea kijana wa Nguba aombe radhi kwa Lwiro.

Kijana wa Nguba: Siombi. Watuletee provande ya bei ya chini, nitakuja mwenyewe kuwashukuru.