Lisbon: nimelipia matembezi ya historia, Kilwa haikutajwa hata mara moja!

Wakuu, nina hasira na sizifichi. Juzi nilikuwa Lisbon, na kuna kampuni moja ya kuongoza watalii (jina naliacha) imekula euro zangu kwa matembezi waliyoyatangaza kuwa ni historia kamili ya Belém, kitongoji cha Lisbon kilicho kando ya mto.

Muda mwingi umeishia kwenye foleni ya vikeki vya mayai. Sawa, ni vitamu, lakini sikulipia vikeki.

Tulipoingia kanisa la monasteri ya Jerónimos, penye kaburi la Vasco da Gama, mwongozaji akasimulia: 1497 aling'oa nanga hapa Belém, akazunguka kusini mwa Afrika, akafika India. Basi! Mombasa haipo. Malindi, alikopewa rubani wa kumvusha bahari hadi Calicut, India, mwaka 1498, haipo. Pwani nzima imerukwa kana kwamba haikuwa na watu.

Nikauliza, na Kilwa je? Nikajibiwa hiyo ni mada nyingine, tuwahi tramu.

Mada nyingine vipi? Mwaka 1502 huyohuyo Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na mizinga yake, akamlazimisha mtawala wake, Ibrahim, alipe kodi ya dhahabu la sivyo mji uteketezwe. Mzigo ukaletwa Lisbon, Mfalme Manuel wa Ureno akaamuru ufuliwe chombo cha kuwekea Ekaristi, na baadaye akakiachia kwa wosia monasteri ileile tuliyokuwa tumesimama ndani yake! Na kodi waliipokea, bado mwaka 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, akaja na meli zake akaupora mji.

Chombo chenyewe kipo hadi leo Lisbon, kwenye makumbusho ya taifa ya sanaa ya kale (Museu Nacional de Arte Antiga), mtaa wa Janelas Verdes. Nilikwenda mwenyewe baada ya kuachana na hao. Mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka kioo, rangi za mavazi yao bado zinawaka. Shuka na macho hadi kwenye kitako: maandishi yamezunguka, yanasema mfalme aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikakamilika 1506. Wareno wenyewe waliandika jina la Kilwa juu ya dhahabu, halafu mtu anayelipwa kunisimulia mji wao ananiambia ni mada nyingine. Nilisimama pale koo limenikaba.

Nimewaandikia nikidai pesa yangu. Wamenijibu kwa kunipa punguzo la matembezi mengine. Sitaki punguzo, nataka pesa yangu, na nataka warekebishe hayo maelezo yao.

Mwenye kumjua mwongozaji pale Belém anayeisimulia Kilwa bila kuombwa aniwekee hapa. Mdogo wangu anakwenda mwezi ujao, sitaki naye apigwe.