Naomba ushauri: Jimny ya sisi (cc) 660 kwenye makorongo ya Chamwino, nianze kufunga nini?

Mwana wa Mvumi
Habari za jioni wakuu. Nina Suzuki Jimny JB23 otomatiki, ile ya vitufe vya 4WD, niliyoinunua mwaka jana kwa mtu hapa Dodoma mjini. Mama yangu anaishi kijijini mbele ya Mvumi, ana presha, na kila mwezi nampeleka kliniki. Kiangazi napita vizuri. Machi nilinasa kwenye korongo, magurudumu ya nyuma yakajichimbia mpaka tumbo la gari likakaa juu ya mchanga, mama akiwa ndani. 4WD nilikuwa nimebonyeza na taa iliwaka. Tulitolewa na vijana waliokuwa wanachunga ng'ombe, baada ya saa mbili za jua kali.

Nimeweka akiba milioni mbili. Fundi mmoja anasema ninyanyue gari inchi mbili, nifunge matairi makubwa na winchi. Mwingine anasema niuze nitafute Prado. Kuuza siwezi. Desemba mvua zinaanza. Nianze na lipi?

Fundi wa Majengo
Pole sana mkuu, na mpe pole mama. Kabla hujatoa hata shilingi, soma tena ulichoandika: magurudumu ya nyuma yakajichimbia. Ya mbele yalikuwa yanafanya nini?

Kwenye JB23 habu za mbele (vifaa vya katikati ya gurudumu vinavyoliunganisha na ekseli) hushikishwa kwa mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini kupitia vimpira vyembamba. Gari likizeeka, vimpira vinapasuka, sili zinakauka, hewa inavuja na habu haishiki. Taa haiioni habu, kwa hiyo inawaka tu na wewe unaamini. Jaribu hivi: nenda kwenye changarawe, weka 4L (4WD ya gia nzito), kata usukani mpaka mwisho, tembea polepole. Kama mbele kumeshika, gari litakuwa zito na litakuwa kama linagoma. Likizunguka kilaini kama siku zote, mbele hakuna kitu.

Ikiwa ndivyo, tafuta habu za kufunga kwa mkono. Unashuka, unazungusha, umemaliza, hakuna vimpira. Nimeona magari mengi ya aina hii yamenyanyuliwa, yamefungwa ngao na taa juu, huku yanavuta kwa nyuma peke yake.

Mwana wa Mvumi
Umenishtua. Siku ile sikutazama magurudumu ya mbele hata mara moja. Nitajaribu na kuleta mrejesho.

Korongo Refu
Mimi natofautiana kidogo na Fundi. Habu sawa, lakini usidharau urefu. Langu nimelinyanyua inchi mbili, matairi ya matope 215/75R15, naenda nalo Mpwapwa mpaka Kibakwe. Njia zilizochimbwa na malori zina tuta katikati. Gari fupi linakaa juu ya lile tuta, magurudumu yanazunguka hewani.

Fundi wa Majengo
Kwenye tuta uko sahihi, ila lako nalijua ni la sisi 1,300. Injini ya 660 ukiipa matairi mazito inachoka mlimani. Tena ukinyanyua springi, pembe ya ekseli ya mbele inabadilika, na kama beringi na bushi zake zimelegea, usukani unaanza kutikisika vibaya ukiwa kwenye mwendo. Mtu anambeba mama yake. Akae kwenye saizi ya kiwandani, 175/80R16, atafute yenye kashata (meno ya tairi) za njia mbovu. Tuta alikwepe kwa kupandisha gurudumu moja juu ya tuta na jingine ukingoni.

Winchi asubiri. Inataka betri nzuri na mti wa kufungia, na kwenye mbuga za udongo mweusi mti uko wapi? Kwanza ndoano mbili za kuvutia zilizofungwa kwa bolti kwenye chesisi, moja mbele moja nyuma. Kamba asiifunge kamwe kwenye ule mpira wa chuma wa kuvutia trela. Ukikatika unaruka kama risasi. Na wakati wa kuvutwa, weka koti zito juu ya kamba na watu wote wakae mbali.

Mama Alizeti
Mwanangu, mimi nanunua alizeti vijijini Kondoa, nina Jimny mwaka wa sita huu. Mchanga wa mito yetu umetoka kwenye vilima vilivyoliwa na mmomonyoko. Wakubwa wanakumbuka mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulioanza 1973, mpaka mwaka 1979 mifugo ikaondolewa ili ardhi ipumzike. Mchanga huo ndio tunaozama nao leo.

Kilichonisaidia kuliko kifaa chochote ni kutoa upepo. Nikifika korongo la mchanga nashusha mpaka PSI (kipimo cha upepo wa tairi) 16 au 18, tairi linalala, linakanyaga eneo kubwa. Naweka 4L kabla ya kuingia, sio nikishakwama. Naingia na mwendo mmoja, sikanyagi breki, sikati kona ghafla. Nikihisi gari linashuka naachia mafuta palepale, narudi nyuma kwenye njia yangu mwenyewe. Ukikazana kukanyaga unachimba kaburi. Nikivuka najaza upepo kwa pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari. Usiende kasi na tairi laini, litatoka kwenye rimu.

Kingine, shuka utembee kwanza. Mahali mguu wako unapozama, gari nalo litazama. Beba sepetu, mbao mbili za kuweka chini ya tairi, na nyuzi za kuzibia tyubulesi, maana miiba ya migunga haina huruma.

Mwana wa Mvumi
Shikamoo mama, nashukuru sana. Je, kwenye ile mbuga nyeusi na kwenye maji nifanyeje?

Mama Alizeti
Marahaba. Mbuga wenye Bahi ndio wataalamu, waachie.

Dereva wa Bahi
Mbuga ikilowa inavimba na kunata, inajaza kashata mpaka tairi linakuwa kama chapati. Kutoa upepo hakusaidii sana kama kwenye mchanga. Mvua kubwa ikinyesha usiku, mimi huahirisha safari mpaka jua liipige ardhi. Panga tarehe ya kliniki na siku moja ya akiba.

Maji yanayotembea usivuke, naomba sana. Korongo linaweza kuwa kavu kwako wakati mvua inanyesha milimani, na maji yakaja kama ukuta. Jimny ina uzito wa kama tani moja tu. Maji ya sentimita 30 yanayokwenda kasi yanaanza kuisogeza. Subiri, maji ya makorongo yetu hupungua ndani ya saa chache. Ukivuka maji yaliyotulia, baadaye kagua oili ya difu (sanduku la gia lililo kwenye ekseli). Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, badilisha.

Mwana wa Mvumi
Mrejesho wakuu. Nilikata usukani kwenye changarawe, gari likazunguka kilaini kabisa. Gereji wakakuta kimpira cha kushoto kimepasuka na sili zote mbili zimekwisha. Nimefunga habu za mkono. Jana nimeenda palepale niliponasa, nikatembea kwa mguu, nikashusha mpaka PSI 18, nikavuka na kurudi mara tatu. Mbele kunavuta! Pesa iliyobaki inaenda kwenye matairi na ndoano.

Swali la mwisho: masika niziache habu zimefungwa muda wote?

Fundi wa Majengo
Ziache. Ukiwa 2WD haziharibu kitu, zinakula mafuta kidogo tu, na hutashuka kwenye tope kuzizungusha. Ila ukifika lami kavu ondoa 4WD. Gari hili halina difu ya kati, ile inayoruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, kwenye kona ekseli mbili zinavutana na giaboksi ndiyo inayoumia. Msalimie mama.