GIMP: Nembo ya duara inageuka yai nikiizungusha

MchapaMabango: Habarini wakuu. Natengeneza bango la kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa (VICOBA). Nembo yao ipo kwenye karatasi tu, kwa hiyo nimeiskani na kuifungua kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha. Ikikaa wima ni duara safi. Shida inaanza nikitaka kuilaza digrii 30 ifuate mstari wa ubavuni mwa bango: inavutika kama yai, maandishi yanapinda, na kingo zinatoka ngazi ngazi. Nimeifuta programu na kuiweka upya, hali ni ile ile. Bango linachapwa wiki hii, na akina mama hawa nembo yao wanaithamini mno. Naombeni msaada.

Dada_Grafiki: Hakikisha hujashika Shear au Perspective, zana za kupindisha picha, ikoni zake ziko jirani na Rotate.

MchapaMabango: Ni Rotate dada, Shift+R, na 30 nimeiandika mwenyewe kwenye kisanduku.

FundiPikseli: Mkuu, rudisha nembo ya awali. Izungushe leya (tabaka lenye nembo) digrii 90 utuambie inakuwaje, kisha rudisha tena ujaribu 180.

MchapaMabango: 180 duara halijaguswa. 90 imekuwa bapa kabisa, upana unafika mara nne ya kimo!

FundiPikseli: Basi zana yako ni nzima, picha ndiyo ina tatizo. Bonyeza Alt+Enter usome ukubwa na rezolusheni (pikseli kwa inchi). Halafu fungua menyu ya View uangalie kama Dot for Dot ina tiki.

MchapaMabango: Pikseli 900 × 1800. Rezolusheni 300 × 600. Dot for Dot haina tiki.

FundiPikseli: Ndiyo yenyewe. Skana ilisoma kimo kwa wingi mara mbili ya upana, kwa hiyo pikseli zako si za mraba. 900 gawanya kwa 300 ni inchi 3, na 1800 gawanya kwa 600 ni inchi 3. Dot for Dot ikiwa imezimwa, GIMP inakuonyesha hizo inchi, ndiyo maana unaona duara. Lakini Rotate inazungusha pikseli, haijui inchi. Kwa digrii 90 upana unakuwa pikseli 1800, yaani inchi 6, na kimo 900, yaani inchi moja na nusu. Hesabu yako ya mara nne imetoka hapo. Faksi zilizohifadhiwa kama picha zina tabia hiyo hiyo, maana faksi ya kawaida ni nukta 204 kwa inchi kwa upana na 98 kwa kimo.

Karatasi kama bado unayo, skani upya kwa 600 pande zote. Hiyo ndiyo njia ninayoiamini. Kama huna, ingia Image, Scale Image, fungua minyororo yote miwili (alama zinazofunga upana na kimo pamoja), weka 1800 × 1800 na rezolusheni 600 × 600. Duara litapatikana, ila nusu ya pikseli za upana zitakuwa za kubuniwa na programu.

Dada_Grafiki: Na zile ngazi, angalia Image, Mode. Ikiwa Indexed, ihamishie RGB, yaani rangi kamili. Kwenye Indexed programu imefungwa kwenye rangi chache zilizopo, haiwezi kutengeneza rangi za kati za kulainisha ukingo. Kisha kwenye Interpolation (njia ya kukokotoa pikseli, ipo kwenye mipangilio ya Rotate) chagua Cubic au NoHalo. Na tafadhali, zungusha mara moja tu! Ukiona 30 haitoshi, Ctrl+Z kwanza ndipo uandike 35. Usiongeze 5 juu ya 30, kwa sababu kila mzunguko unakokotoa pikseli upya na picha inazidi kufifia.

MchapaMabango: Kweli ilikuwa Indexed. Nimeskani upya 600 kwa 600, nikaweka RGB, nikazungusha 30: duara limebaki duara na herufi zinasomeka. Limebaki moja, pembe za leya zimejaa weupe unaofunika rangi ya bango.

Dada_Grafiki: Huenda leya haina alfa, yaani chaneli inayohifadhi uwazi. Rudi nyuma kabla ya kuzungusha, bofya leya kulia, Add Alpha Channel, kisha zungusha. Weupe wa karatasi wenyewe uondoe kwa Color to Alpha, ila kama ndani ya nembo kuna nyeupe, ichague sehemu ya nje pekee kwanza.

FundiPikseli: Na kikundi kikianza kuomba fulana na vitenge, ipeleke Inkscape (programu ya michoro), Trace Bitmap, uwahifadhie SVG, mchoro wa mistari usiotegemea pikseli. Hiyo izungushe upendavyo, haipotezi kitu.